Mashine ya Marehemu Singano Ilale kwa Nani

Kabla sijafungua mdomo, niapie. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Mimi niliapishwa na Bi Mwanakheri mwenyewe, jirani yangu wa ukuta mmoja, akanishika na kiganja, akasema, "Shoga, hili lisitoke." Nami sikulitoa. Nimemwambia yule mama wa vitumbua tu, na yeye hana wa kumwambia isipokuwa wateja wake. Basi na wewe lishike vile vile nilivyolishika mimi. Siri yenyewe ukumbi mzima uliiona, lakini siri ni siri.

Hapa kwetu Korogwe kuna watu wanaopenda kompyuta za zamani, zile zenye chogo, ukiibeba moja mgongo unakulaani. Wenzao wanazitupa, wao wanaziokota. Wanajiita Kikundi cha Chogo. Ukiwapita barazani wanazungumza, utadhani wamefiwa: huyu kakata roho, yule anapumua lakini haoni, fulani kapoteza kumbukumbu. Kumbe wanasema mashine. Mashine mbovu kwao ni mfu, na kuitengeneza ni kumwamsha.

Katika kikundi hicho kuna watu watatu Mungu kawapa kila mmoja chake.

Wa kwanza ni Mzee Semboja, aliyekuwa fundi redio tangu redio zina ukubwa wa kabati. Huyu kapewa pua. Ukimletea kitu kilichoungua, kabla hajashika bisibisi anainama ananusa, halafu anakuonyesha kidole: hapa. Hata nyumbani kwake mkewe hawezi kuunguza wali akasingizia jirani.

Wa pili ni Zaina, mdarizi wa kofia. Huyu kapewa vidole. Anatoboa vitundu ambavyo mimi hata nikivaa miwani sivioni, na mkono wake hautetemeki, hata umpigie kelele sikioni. Nilishajaribu.

Wa tatu ni Mwalimu Mdoe wa sekondari. Huyu kapewa kichwa kisichosahau. Ukidanganya kwamba kanga hii ni mpya, atakutajia harusi uliyoivaa na nani alikaa kulia kwako. Kwa hiyo wanawake hatumpendi sana.

Kila mwaka kikundi kinashindana, ushindani wa kirafiki na pilau juu. Mtu mmoja analeta mfu, wengine wanapokezana zamu kumshughulikia. Sheria wameiandika kwa chaki ukutani mwa ukumbi wao: Atakayemwamsha mfu, kwake ndiko mfu atakakolala. Siku ya kwanza sisi wanawake kuisoma tulicheka hadi Mwenyekiti Luhizo akatutoa nje. Na mfu asipoamka, anarudi kwa mwenyewe. Basi. Balaa lote limetoka humo.

Mwaka huu mfu aliletwa na Bi Mwanakheri. Ilikuwa mashine ya marehemu mumewe, Singano, karani wa shamba la mkonge, ambaye jioni alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya shamba. Ndiye aliyempigia Bi Mwanakheri tarumbeta siku ya kumtoa kwao, njia nzima, mpaka mdomo ukavimba. Baadaye kifua kikambana, daktari akamkataza kupuliza. Ofisini wakabadilisha kompyuta, wakampa ile ya zamani. Singano akakaa nayo, akaifundisha wimbo ule ule wa harusi. Vimlio vyembamba tu, kama chiriku aliyekunywa soda, lakini wimbo ndio ule. Kila asubuhi alipoiwasha ikaimba, na Bi Mwanakheri jikoni akajua mzee keshaketi, akamimina chai.

"Hakuwahi kuniita kwa mdomo," aliniambia. "Mashine ndiyo iliyoniita."

Singano alipofariki, mashine nayo ikaja kufa. Bi Mwanakheri akaifunika kanga, ikakaa pale kama mgeni asiyeongea. Picha ya mumewe anayo, sauti hana. Ndipo akaniambia, "Nitawapelekea kina Luhizo. Niusikie mara moja tu. Atakayeichukua aichukue." Nikamuuliza ana hakika. Akasema ana hakika. Nikanyamaza, ingawa mimi kunyamaza kunaniuma.

Siku yenyewe mvua ilianza mapema. Mfu kalazwa mezani, kavuliwa bati lake, matumbo nje. Mimi na Bi Mwanakheri tulikaa mstari wa mbele.

Zamu ya kwanza ikawa ya Mzee Semboja. Akainama, pua karibu izame ndani.

Zaina akamtania, "Babu, unamnusa au unambusu?"

"Nasubiri aamke ndipo nikujibu, mjukuu wangu."

Akanusa kulia, akanusa kushoto, akasimama. "Kuna harufu ya samaki. Kifaa cha umeme kimepasuka, kimevuja." Akafungua sanduku la umeme, akatoa kidude kilichofura kama jino bovu, akaweka kingine. Akawasha. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka. Ukumbi ukapiga makofi. Kioo cha chogo kikabaki cheusi tii. Bi Mwanakheri akanishika mkono.

Zamu ya pili ikawa ya Zaina. Yeye akachungulia kwenye ubao wenye nyaya, akaona betri ndogo imetapika. Tapishi la kijani limekula vijinjia vya umeme, vyembamba kuliko unywele wa mtoto.

Semboja akasema, "Hapo mjukuu wangu umekwama. Hakuna mkono wa binadamu unaoingia hapo."

"Babu, wewe endelea na pua."

Akasafisha kwa siki na mswaki. Akachukua uzi wa shaba, akaulaza juu ya kijinjia kilicholiwa, akalehemu. Akaenda kingine. Alipomaliza, akaweka betri mpya, wakawasha, na kioo kikafumbua: herufi zikaanza kupanda, nyeupe juu ya weusi. Halafu zikasimama. Mwalimu Mdoe akasoma kwa sauti: mashine inasema haina diski. Bi Mwanakheri akauachia mkono wangu.

Zamu ya tatu ikawa ya Mwalimu. "Diski anayo," akasema, "ila betri ilipokufa kasahau kwamba anayo. Lazima akumbushwe ukubwa wake, namba kwa namba."

Mwenyekiti akauliza, "Namba zenyewe ziko wapi?"

"Zilikuwa kwenye kibandiko. Kibandiko kimetapikiwa."

"Basi amekwisha huyo."

Mwalimu akaisogelea mashine. Akafumba macho. Zamani shamba lilipoagiza mashine hizo, yeye alikuwa kijana anayesaidia kuzifunga. Midomo ikacheza kama anayesoma dua. Akafumbua, akabonyeza namba, hakurudi nyuma hata mara moja. Mashine ikakoroma, ikaguguna, na pale kiooni, wallahi, likatokea jina: SINGANO.

Watu walishangilia kuliko siku ya mkutano wa chama. Jirani yangu hakupiga kofi. Alikuwa anatazama jina.

Sasa sikiliza walivyoanza.

Semboja akasema, "Aliyemwamsha ni mimi. Kuamka ni kupumua. Mlimkuta hapumui."

Zaina akasema, "Watu wangapi wanapumua na wamelala fofofo? Kuamka ni kufumbua macho. Macho nimemfumbua mimi."

Mwalimu akasema, "Mtu akifumbua macho hajui jina lake wala kwake, hajaamka huyo, anaweweseka. Kuamka ni kujijua."

Wakabishana kwa kucheka, kwa sababu ni marafiki, lakini kila mmoja alikuwa keshaichukua moyoni. Semboja akawa anaangalia kama itaenea kwenye bajaji. Zaina akasema ataidarizia kitambaa. Mwalimu akasema wanafunzi wake wataigusa kwa zamu.

Bi Mwanakheri akaninong'oneza, "Shoga, wanagawana mume wangu nami nimekaa hapa."

Mwenyekiti Luhizo akaona pilau linapoa. Akamgeukia. "Mama, mashine ni yako. Utuambie wewe. Marehemu alikuwa akisema imeamka inapofanya nini?"

Bi Mwanakheri akajitengeneza kanga begani.

"Ilikuwa inaimba," akasema. "Isipoimba, haijaamka."

Wote watatu wakaitazama mashine. Jina limetulia kiooni, mlio hakuna. Mwalimu akaiwasha upya, akainamia kioo. "Wimbo upo. Nimeona jina lake likipita. Unapigwa, ila hausikiki." Kumbe kispika chake cha ndani, kidogo kama kizibo cha chupa, kilikuwa na waya uliong'oka. Wenyewe hawajajua hilo. Wakaanza kubishana zamu ni ya nani kutafuta kosa, na kwa adabu yao hakuna aliyethubutu kumgusa mfu kabla zamu haijaamuliwa.

Mvua ikawa inaingia, wakafunga madirisha yote ya mbao mashine isilowe. Na umeme nao, usiojua aibu, ukakatika. Giza mchana. Mtu akasema kaeni mlipo, msije mkaangusha chogo. Tukakaa.

Nikasikia kiti cha jirani yangu kinalia.

Hapa ndipo pa kiapo, kwa hiyo sogea. Bi Mwanakheri aliniambia baadaye alivyokusudia. Kile kispika alikijua, maana kila Ijumaa alimwona Singano akikipuliza vumbi. Alitaka kukinyofoa akitie kwenye pindo la kanga. Mashine isiimbe, mfu asiamke, na kwa sheria yao wenyewe arudi kwa mwenyewe. Bora bubu alale kwake kuliko mwimbaji alale kwa watu. Ndivyo alivyosema, na mimi simsemi vibaya, nakupa tu kama nilivyopewa.

Akapapasa gizani, akaingiza mkono, akakishika. Akaanza kukivuta.

Umeme ukarudi.

Ukumbi mzima ukamwona. Mjane kasimama juu ya mfu, kanga imeteremka begani, mkono umezama ndani mpaka kwenye kiwiko.

Mwenyekiti akasema taratibu, "Bi Mwanakheri. Mkono huo unatafuta nini humo?"

Semboja akashusha macho. Zaina akaziba mdomo. Mwalimu, asiyesahau, nikajua hili halitamtoka mpaka kaburini. Sheria yao nyingine, isiyoandikwa ukutani kwa sababu haijawahi kuhitajika, ni kwamba anayemharibu mfu kusudi haingii tena ukumbini.

Lakini mashine hakuna aliyekuwa ameizima. Umeme uliporudi, nayo ikaanza yenyewe. Feni ikazunguka, ile ya Semboja. Kioo kikafumbua, kile cha Zaina. Ikakoroma, ikakumbuka, namba zile za Mwalimu. Jina likatokea. Halafu, ndani ya ngumi ya Bi Mwanakheri, pale vidole vyake vilipoubana ule waya bila yeye kujua, ikaimba.

Wimbo ule ule. Chiriku yule yule.

Bi Mwanakheri akashtuka, akataka kuutoa mkono apone na aibu. Alipolegeza vidole tu, wimbo ukakatika. Akabana. Ukaendelea.

Akasimama hivyo hivyo, kakamatwa mbele ya watu wote, asiweze kukana na asitake kuachia. Machozi yanamshuka, mkono wa kufutia ni ule mmoja, na huo kashikia kanga. Mzee Semboja akavua kofia. Wimbo ulipofika mwisho, hakuna aliyepiga makofi.

Zaina ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo. "Mwenyekiti, imeimba."

"Nimesikia."

"Na mama kasema kuamka ni kuimba."

"Nimesikia, Zaina."

"Lakini alikuja kunyofoa," akasema Mwalimu. "Tusifiche hilo."

"Bila pua yangu angebana nini?" akasema Semboja. Hakuwa anagomba. Alikuwa anauliza kweli.

Mwenyekiti Luhizo akaitazama sheria ukutani, akamtazama mjane, akawatazama wale watatu. Akavuta kiti, akakaa.

Mimi nina langu moyoni, ila nimeapa. Nakuuliza wewe ambaye hukuwepo, huna undugu nao, na pilau lao hukula. Pua ilimpa pumzi. Vidole vilimfumbua macho. Kichwa kilimrudishia jina. Na mkono uliokwenda kumnyamazisha ndio uliompa sauti. Ukiwa ndiwe umekaa kwenye kile kiti, na Bi Mwanakheri bado mkono uko ndani anakutazama, utasema usiku huo mfu alale kwa nani?