Gari la Sultani Lisilokunywa Petroli

Hapo zamani, wakati magari yalipokuwa mageni na watu wakiyaamkia njiani kwa heshima, palikuwa na Sultani katika mji wa Mtangani, jina lake Sultani Hemedi. Gari katika nchi nzima lilikuwa moja, nalo lilikuwa lake. Lilikuwa jeusi, pana, na juu ya paa lake zilifungwa ngoma tatu za ufalme pamoja na kiti cha shaba, kwa kuwa Sultani hakwenda mahali bila kiti chake, hata kama huko anakokwenda viti vimejaa.

Tena gari hilo lilikuwa na ada na desturi yake. Siku ya kwanza lilipoletwa, injini ilizimika mlangoni pa kasri, na mchana ule ule akafa mjomba wake Sultani, mzee wa miaka tisini na sita. Wakuu wa mji wakakaa shauri, wakaamua kwamba kilichomuua ni ile injini kuzimika. Basi ikawa marufuku kuizima maadamu Sultani yuko nje ya kasri. Akienda kuhani msiba, gari languruma nje. Akikaa karamuni tangu asubuhi hata alasiri, gari languruma tangu asubuhi hata alasiri, na wenye karamu huulizana kwa vidole, maana hawasikilizani.

Petroli ilitoka pwani kwa madebe, juu ya migongo ya punda kumi na wawili, mwendo wa siku tisa. Ikifika, haimalizi mwezi. Sultani akawa halali wala hali vizuri kwa kuiwaza petroli.

Dereva wake aliitwa Vuai, fukara wa kanzu moja, mwenye kulijua gari lile kama mtu anavyomjua mkewe, na mwenye ulimi usiotulia. Mkewe, Bi Mize, alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya kungoja mtoto miaka tisa.

Siku moja akaingia mjini mfanyabiashara, jina lake Shamte, amevaa joho la hariri na kubeba sanduku. Akabusu mkono wa Sultani, akasema, "Bwana wangu, nimesikia gari lako ni lafi. Nimekuletea dawa tatu. Hii ya kwanza ni bangili ya sumaku, hufungwa kwenye mpira wa petroli. Petroli kwa asili yake ni mpumbavu, huenda upande upande na kujigonga njiani. Ikiiona bangili hii hushika adabu, ikaenda kwa safu. Huokoa nusu."

"Nusu nzima?" akauliza Sultani.

"Nusu nzima, Bwana. Hii ya pili ni filimbi, hutiwa katika pua ya injini ili ivute pumzi kwa nidhamu. Huokoa robo. Na hivi ni vidonge vya kutia ndani ya tangi. Navyo huokoa robo."

Sultani akaagiza mkate wa kumimina. Akakata nusu, akampa Waziri Ngwali, akasema, "Hii ni ya bangili." Akakata robo, akampa kadhi, "Hii ya filimbi." Robo iliyobaki akaila mwenyewe kwa niaba ya vidonge. Kisha akatazama sahani, macho yakamtoka. "Waziri, kumebaki nini?"

"Sahani, Bwana."

"Basi gari langu halitahitaji petroli kabisa!"

Shamte hakuwa amezipiga hesabu zake mpaka huko. Akasema, "Bwana, umeyasema mwenyewe, na mimi ni nani nikupinge?" Hapo hapo akafanywa Mkuu wa Akiba ya Petroli, akapewa chumba kasrini na pilau mara mbili kwa siku.

Vuai akaitwa avifunge vile vifaa. Akanusa vidonge, akasema, "Bwana Mkuu, hivi mbona vinanukia kabati? Mke wangu huviweka kwenye nguo zisiliwe na nondo."

"Na wewe ulishawahi kuona nondo ndani ya tangi la gari?" akauliza Shamte.

"La, sijaona."

"Basi unaona vinavyofanya kazi!"

Watu wakacheka, Vuai akafunga kama alivyoamriwa. Ikawa tangu siku ile gari likakohoa kama mzee wa tumbaku, kwa sababu ile filimbi ililiziba pua, likatoa moshi mweusi na kuchemka kila kilima. Vidonge vikaacha unga uliokaa kwenye mirija, na petroli ikawa yaisha upesi kuliko mwanzo.

Sultani akaghadhibika, akamwita Shamte mbele ya baraza. Lakini Shamte hakutikisika. Akasema, "Bwana wangu, vifaa vyangu huokoa petroli yote, na wewe mwenyewe uliipiga hesabu kwa mkate. Ikiwa yote imeokolewa na bado haimo tangini, basi haikunywewa na gari. Kuna mtu anayeinyonya kwa mpira."

Baraza zima likageuka likamtazama Vuai. Na tangu magari yaingie duniani, petroli ikipungua hutazamwa dereva.

"Wallahi sijachukua hata tone," akasema Vuai.

Sultani akanyoosha kidole. "Ewe Vuai, Ijumaa utanipeleka kwa shangazi yangu, Bibi Zuhura, na petroli isipungue hata tone moja tangini mwangu. Ikipungua, wewe ndiwe mwizi. Utavuka mto wa mpakani wewe na mkeo kabla jua halijachwa, wala hamtarudi nchi hii mpaka mnakufa."

Vuai akaogopa. Si kwa ajili yake. Yeye angeweza kulala popote. Alimfikiria Bi Mize akijifungua ng'ambo ya mto, hana mkunga, hana mama, hana hata jirani wa kumchemshia uji, na moyo ukamuuma sana. Lakini akakusanya ulimi wake, akasema, "Nimesikia na kutii, Bwana wangu. Ila naomba amri hii iandikwe, nami nipewe kila nitakachohitaji kwa safari, isipokuwa petroli."

Sultani akaona ni haki. Ikaandikwa, ikapigwa muhuri.

Ijumaa baada ya sala, tangi likajazwa pomoni mbele ya watu, na Waziri Ngwali akalitia lakiri ya muhuri kifunikoni. Ngoma zikafungwa juu ya paa na kiti cha shaba kikapandishwa. Bangili ilikuwapo, filimbi ilikuwapo, na vidonge vilikuwamo. Sultani akapanda nyuma akajiegemeza, akamngoja dereva wake awashe gari. Vuai hakuwasha. Alikwenda zizini, akawaleta wale punda kumi na wawili, akawafunga kwa kamba mbele ya gari wawili wawili.

"Ewe mwendawazimu, nini hii?" akapiga kelele Sultani.

"Bwana wangu, vifaa hivi huokoa petroli yote. Petroli iliyookolewa yote imekaa tangini, haikuingia kwenye injini. Injini isiyopata kitu haiendi, nami nimeamriwa nikufikishe. Nimesoma amri mara tatu, punda hawakukatazwa. Tena hawa njia wanaijua, maana ndio walioileta petroli yenyewe."

Sultani akaitazama ile amri, na muhuri ulikuwa wake. Kisha akakumbuka ada, akasema, "Na injini je? Nikitoka hali iko kimya, nani atakufa leo?"

"Hilo nalo nimelifikiri," akasema Vuai. "Amri yasema nipewe kila nitakachohitaji. Nahitaji ngurumo. Waziri Ngwali ashike upande wa kulia, kadhi upande wa kushoto, na Bwana Shamte, mwenye filimbi, atangulie mbele."

Basi wakatoka. Punda wakavuta, na waziri akakimbia pembeni, "Brrrrum! Brrrrum!", na kadhi mwenye ndevu zake nyeupe, "Brrrrum!", na Shamte mbele katika joho la hariri, "Brrrrum! Fiii! Brrrrum!", na kila wakipanda kilima ilibidi waongeze sauti. Watu wa Mtangani wakatoka milangoni. Hawakuthubutu kucheka, lakini mabega yao yalicheka. Wafumaji mikeka waliapa kwamba gari halijawahi kunguruma vizuri namna ile.

Wakafika kwa Bibi Zuhura, kikongwe aliyemlea Sultani na asiyemwogopa. Akawatazama punda, akamtazama waziri anayetweta ukutani, akasema, "Hemedi mwanangu, hili gari lako limezaa?"

Sultani akashuka kwa haya, akaingia ndani, wakanywa kahawa. Punda wakasimama nje wakila majani, na waziri na kadhi hawakuwa na pumzi tena ya kunguruma. Pakawa kimya. Bibi Zuhura akaweka kikombe chini, machozi yakamlengalenga. "Miaka miwili waja kunitazama na gari hili," akasema, "na leo ndiyo kwanza nasikia unalosema. Siku zote nilikuwa nakuitikia tu, sijui nimeitikia nini."

Neno lile likamwingia Sultani. Akatoka nje, akatazama lakiri, haikuvunjika. Akafungua tangi, petroli ilikuwa pomoni. "Vuai," akasema, "umetimiza amri, wala wewe si mwizi. Sasa niambie kweli, na usiogope. Petroli yangu huenda wapi?"

Vuai akapiga goti. "Bwana wangu, huenda mlangoni kwa watu, gari likinguruma nawe unakunywa kahawa. Huenda juu ya paa, kwenye ngoma na shaba. Huenda kwenye matairi yaliyolegea, kwa kuwa mwenye kujaza upepo husubiri ruhusa ya Waziri. Na tangu filimbi iingie, huenda kwenye moshi. Hakuna aliyeinyonya."

"Uwongo!" akalia Shamte. "Vifaa vyangu huokoa yote!"

Wakati huo Bibi Zuhura alikuwa ameandaa pilau ya kuku, na Shamte, aliyekimbia mwendo wote ule, alikuwa amekwisha kuketi na kukunja mkono wa joho. Vuai akaifungua ile bangili ya sumaku kwenye mpira wa petroli, akaja akamvika mkononi. "Bwana Mkuu, nusu imeokoka," akasema, akapunguza nusu ya pilau. Akaichomoa filimbi injini, akamtia puani, "Robo." Akamtilia mfukoni vidonge viwili vilivyobaki, "Na robo." Akaiondoa sahani yote.

"Lakini mimi nina njaa!" akasema Shamte kwa sauti ya filimbi.

"Haiwezekani," akasema Vuai. "Vifaa vimeokoa njaa yako yote. Ikiwa bado waiona njaa, basi kuna mtu anayekuibia chakula humo tumboni. Mfikirie vizuri, umtaje, tumvushe mto."

Shamte akatazama pilau ikienda zake na paja la kuku juu yake. Akavumilia kidogo, tena si kidogo sana, kisha akaanguka miguuni pa Sultani. "Bwana, nisamehe! Vidonge ni vya kabati, filimbi niliinunua kwa mchunga mbuzi, na bangili sijui ni kitu gani, niliiokota."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, na waziri akacheka, na kadhi akacheka kwa sauti iliyomkauka. Shamte akapewa kazi ya kuzibua mirija na kuongoza punda wa madebe, kwa miguu, mpaka atakapozoea.

"Nawe, Vuai, taka utakalo," akasema Sultani.

"Nataka ruhusa ya kuizima injini, Bwana wangu."

Akapewa. Ngoma na kiti vikashushwa vikaachwa kwa Bibi Zuhura, matairi yakajazwa upepo, vidude vikatupwa, na wakarudi mjini kwa injini, mwendo wa taratibu.

Bi Mize alikuwa ameketi mlangoni juu ya furushi lake, amekwisha kulifunga kwa safari ya ng'ambo, macho yamemvimba. Akasikia gari likija, akasimama kwa shida. Gari likafika mlangoni pake, na Vuai akaizima injini, Sultani yumo ndani. Mtaa wote ukashika vifua, ukangoja afe mtu.

Hakufa mtu. Sultani akashuka, akauliza kama kuna kahawa, na Bi Mize akalifungua lile furushi kwa sababu vikombe vilikuwa humo.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa Mtangani. Anayebisha na anunue bangili.