Mgongo Ulioinama Haukandiki

Mgongo ulioinama haukandiki. Methali hii mmeisikia leo kwa Mama Chausiku, akimwambia mwanawe aliyelalamikia kikohozi huku sigara imo mdomoni. Mmecheka, kisha mmeuliza imetoka wapi. Imetoka kwenye ua wa mfinyanzi, na ilianza hivi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo alikuwa hajawika bado, na Mwantumu aliisikia sauti hiyo ng'ambo ya ua. Akaketi kitandani, akasonya. Ilikuwa sauti ya kigae kikikwangua udongo mbichi, na aliyekuwa akikwangua ni wifi yake, Sikudhani, mke wa kaka yake. Saa hiyo Sikudhani alipaswa kuwa amelala chali, na mto chini ya magoti.

"Huyu mwanamke ataniua," Mwantumu alisema peke yake, akaenda kuwasha moto.

Kijijini kwao, huko milimani, vyungu vilifinyangwa kwa namna moja tu. Udongo uliwekwa chini juu ya kigae. Mfinyanzi alisimama, akainama kutoka kiunoni, akakizunguka chungu kinyumenyume huku akiuvuta udongo juu kwa vidole. Hakuna aliyekaa, maana ilisemwa kwamba chungu cha mfinyanzi aliyekaa hupasuka motoni. Sikudhani alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, na kwa miaka ishirini alizunguka hivyo, mpaka siku aliyoinua tenga la udongo kiuno kikakakamaa. Hakuweza kunyooka wala kuketi.

Mwantumu ndiye aliyemuuguza. Kila asubuhi na jioni alikaanga chumvi ya mawe, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akaijaribu kwanza mkononi mwake isije ikamuunguza mgonjwa, kisha akamkanda taratibu na kumpaka mafuta ya mbarika. Alimwonyesha hata namna ya kuamka: ageukie ubavu kwanza, ajisukume kwa mkono, asikurupuke. Naye Mbelwa, mume wa Sikudhani, aliupandisha mtungi wa maji juu ya gogo ili mkewe asiiname kuchota. Hakuambiwa na mtu, wala hakumwambia mtu.

Siku ya tatu maumivu yalipoa. Siku ya nne Sikudhani akarudi kwenye udongo, na jioni alikuwa analia. Mwantumu akaanza upya. Maumivu yakapoa, mgonjwa akarudi kwenye udongo. Waliendelea hivyo majuma matatu, mpaka Mwantumu akawa anaikaanga ile chumvi kana kwamba anaigombeza.

Na siku zilikuwa zinakwisha. Mashavu, binti wa Sikudhani, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku kwa miguu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mwisho wa mwezi angejifungua. Alikuwa ametuma ujumbe: "Mwambieni mama aje. Asipokuwepo naogopa." Naye Sikudhani, kwa hali ile, hata kisimani hakufika.

Basi asubuhi hiyo Mwantumu aliingia uani na kifurushi chake cha chumvi moto, akamkuta mgonjwa ameinama juu ya chungu.

"Wifi, unafanya nini?"

"Namalizia mdomo wa hiki kimoja tu."

"Jana ulisema kimoja tu."

"Jana kilikuwa kingine. Wewe nikande tu. Mgongo si huu hapa? Tena umekaa vizuri, hutahangaika kuutafuta."

Mwantumu alimtazama. Akasema moyoni, haya, na tuone. Akakibandika kifurushi kiunoni mwa wifi yake. Sikudhani akapiga hatua kinyumenyume, Mwantumu naye akapiga hatua. Wakakizunguka chungu kama kuku wawili wanaogombea punje moja.

"Usikimbie!"

"Sikimbii, wewe ndiye mzito!"

"Mzito nani? Umenikanyaga kidole!"

Mzunguko wa tatu Mwantumu alishikwa na kizunguzungu. Fundo la kanga likafunguka, na chumvi yote ikamwagika ndani ya chungu kibichi.

"Umeniharibia chungu, wifi!"

"Mgongo ulioinama haukandiki!" Mwantumu alipaza sauti hata majirani wakachungulia. "Haukandiki, Sikudhani! Hata nikikaanga chumvi ya bahari nzima!"

"Ndivyo alivyonifundisha mama yako. Alifinyanga hivi mpaka siku yake ya mwisho."

Sauti ya Mwantumu ikashuka.

"Siku yake ya mwisho mimi ndiye niliyemwosha. Wewe ulikuwa nje na wageni, hukuona. Tulijaribu kumnyoosha, wifi yangu. Hakunyooka. Tulimvisha sanda vilevile alivyokunjika."

Sikudhani aliitazama mikono yake iliyojaa udongo. Kisha akanyoosha mkono mmoja, Mwantumu akaushika, udongo na yote, akamwongoza polepole hadi mkekani.

"Na chungu?"

"Chungu ni udongo. Mwanao ana mama mmoja."

Siku kumi Sikudhani hakugusa kazi. Alilala, akatembea kidogo uani, akakandwa. Siku ya kumi na moja Mbelwa alichukua kinu kilichopasuka, akakigeuza kifudifudi, akaweka kigae juu yake. Udongo ukawa umefika kifuani mwa mkewe, naye akakizunguka chungu akiwa wima. Mwiko haukuvunjwa, maana hakukaa. Wanawake wa kijiji walimcheka siku mbili. Siku ya tatu mmoja wao alikuja kuuliza kama pana kinu kingine kibovu.

Mwisho wa mwezi Sikudhani alilivuka bonde kwa miguu yake, akipumzika kila alipochoka, akampokea mjukuu wa kike. Akakaa siku arobaini. Asubuhi ya kuondoka alimkuta Mashavu ameinamia beseni la nguo za mtoto, mkono mmoja kiunoni.

"Mama, kabla hujaenda nikande kidogo. Hapahapa, zimebaki nguo mbili tu."

Sikudhani aliutua mzigo wake chini. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na binti yake akashindwa kuelewa kinachochekesha.

"Liache hilo beseni, mwanangu. Mgongo ulioinama haukandiki."

Akamlaza, akamkanda mpaka akasinzia, na zile nguo mbili akazifua mwenyewe, beseni likiwa juu ya kiti. Jua lilikuwa limepanda alipoanza safari. Mashavu alimsindikiza hadi penye njia ya kushukia bondeni, mtoto kifuani, akasimama hapo akimtazama mama yake anavyotembea.

"Mama!" akamwita. "Usikawie. Uje tena!"