Daftari la Matofali

Mali si ng'ombe na fedha peke yake. Ardhi ni mali, jina la babu ni mali, na jasho lililomwagika kabla hatujazaliwa nalo ni mali. Lakini mali ambayo hakuna aliyeiandika huondoka kimyakimya, na siku mwenyewe anapoitafuta huambiwa kwamba hakuwahi kuwa nayo. Watu wa Bugalasa, kijiji cha wakulima wa pamba kilicho ukingoni mwa ziwa wilayani Magu, nusura waujue ukweli huo kwa machozi.

Ilikuwa mwaka 1995, soko huria lilipokwisha kubisha hodi. Malori ya wanunuzi binafsi yaliingia hadi mlangoni kwa mkulima, na chama cha msingi cha ushirika cha Bugalasa kikadhoofu kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza. Hatimaye kikafungwa. Asubuhi moja mwenyekiti wake, Ndalahwa, alimwita karani, Teodora Kija, mjane wa makamo aliyeitumikia ofisi ile kwa miaka ishirini na miwili.

"Mama Karani, leo ndiyo siku yako ya mwisho kazini. Kesho nazitaka funguo. Hayo makaratasi kayachome."

"Yote, Mwenyekiti?"

"Yote. Chama kimekufa. Maiti hasomi barua."

Teodora aliyatazama makabati. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya mihutasari, orodha za wanachama, barua na mikataba tangu enzi za wazee wao.

"Sichomi," alisema.

"Hiyo ni amri!"

"Amri unampa karani wako. Umeniachisha kazi sasa hivi, Mwenyekiti. Mimi si karani wako tena."

Kabla jua halijatua alikuwa amekwenda nyumbani na kurudi mara tano, akisukuma baiskeli iliyosheheni magunia ya karatasi. Kijiji kizima kilimcheka. Wauza karanga walimfuata mpaka uani wakiomba karatasi za kufungia.

"Fungieni majani ya mgomba," aliwajibu. "Humu mna majina ya babu zenu. Mnataka mtu ale karanga kisha awatupe njiani?"

Hata hivyo, ushujaa peke yake hauzuii mchwa. Siku moja Teodora alifungua gunia akakuta jalada zima limegeuka udongo. Kesho yake alipanda basi hadi Mwanza, akaulizia ofisi hii na ile, mpaka akaelekezwa kwa Mboni, binti aliyesomea kazi ya kutunza nyaraka.

"Shikamoo, mama," Mboni alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Nina wagonjwa nyumbani, nimekuja kutafuta dawa."

Mboni alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza amezipangaje karatasi hizo. Teodora alijibu kwa fahari kwamba alikuwa ameanza kuzigawa upya kwa majina ya koo.

"Acha, mama! Zirudishe kama ofisi ilivyoziweka, kitabu baada ya kitabu, mwaka baada ya mwaka. Karatasi moja ni shahidi mmoja. Ikikaa na wenzake iliozaliwa nao, kila mmoja anamthibitisha mwingine. Ukiwatenganisha, umewaziba midomo. Halafu usifute neno wala kuongeza, hata pale karani wa zamani alipokosea."

Teodora alirudi na maarifa mapya. Aliinua mbao juu ya mawe ili karatasi zisiguse ardhi, akamwaga majivu kuzunguka mawe yale, akakipa kila kitabu namba na kuandika orodha ya vyote. Vile vya zamani zaidi alivipeleka Mwanza kwa mafungu, Mboni akamsaidia kuvitolea nakala na kuzihifadhi huko. Kazi hiyo ilimla mwaka mzima.

Mwaka huo haujaisha, akatokea Antoni Masele, mfanyabiashara wa Pasiansi kule Mwanza, akiwa na nguzo na waya wa miiba. Samaki aina ya sangara walikuwa wakinunuliwa kama dhahabu, naye alitaka mahali pa kujenga ghala la barafu. Akinamama waliokwenda ziwani kuchota maji walikuta njia imezibwa. Ghala la pamba la chama na uwanja wake wote, hadi majini, vilikuwa vimeuzwa.

Muuzaji hakuwa mwingine ila Ndalahwa. Alidai kwamba ghala lilijengwa na marehemu baba yake, kwenye shamba la baba yake, na kwamba chama kilikuwa mpangaji tu. Watu walinung'unika, lakini nani angempinga? Wazee waliolijenga walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wajukuu walikuwa na masimulizi ya kusikia tu. Teodora hakunung'unika. Aliandika barua wilayani akaomba shauri lisikilizwe.

Masele alipopata habari alimfuata nyumbani.

"Mama, niuzie hayo makaratasi, nikujengee nyumba ya bati."

"Yangekuwa yangu ningekuuzia. Haya ni ya watu mia mbili na kumi na sita. Kawaombe mmoja mmoja, na wengi utawakuta makaburini."

Masele aliinua macho akalitazama paa. "Nyumba ya nyasi hushika moto upesi, mama."

"Ichome. Nakala ziko Mwanza. Utachoma na Mwanza?"

Masele aliondoka bila kuaga.

Siku ya shauri, ofisa ardhi wa wilaya aliketi mbele ya ghala, na kijiji kikamzunguka. Ndalahwa alisema yake, akaapa. Teodora alipoitwa, alifungua kitabu kilichofungwa kwa kamba ya katani. Lilikuwa daftari la mwaka 1957. Ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba mzee Ng'wandu, baba yake Ndalahwa, ameutoa uwanja ule kwa wakulima wa Bugalasa, "wao na wajukuu wao, wapate mahali pa kupimia pamba yao bila kupunjwa." Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba lake na za mashahidi wanne. Kurasa zilizofuata zilitaja kila mkulima na matofali aliyoleta ya kujengea.

"Masanja Luhende, matofali mia tatu," Teodora alisoma. "Nkwimba binti Sayi, mia moja na hamsini, aliyabeba kichwani. Shija Malongo, mia mbili."

Mtu mmoja akasimama katikati ya umati. "Shija ni babu yangu!" Akasimama na mwingine, na mwingine, hata waliobaki wameketi wakawa wa kuhesabika.

"Uongo!" Ndalahwa alipaza sauti. "Mheshimiwa, makaratasi yamekaa kwake mwaka mzima. Kayaandika mwenyewe huyu!"

Ofisa alimgeukia Teodora. "Mama, unasemaje?"

Teodora alifunua ukurasa wa nne. Alijua kilichokuwamo, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Kija Mabula," alisoma. "Hakuleta. Amesema hataki." Aliinua uso. "Kija Mabula ni baba yangu mzazi. Wenzake walibeba, yeye akakataa, na aibu hiyo imeandikwa hapa. Mheshimiwa, ningelikuwa nimeliandika mimi daftari hili, baba yangu angeleta matofali elfu moja!"

Watu waliangua kicheko, lakini kicheko kile kilikuwa na machozi ndani yake. Ofisa alilichukua daftari, akalilinganisha na kitabu cha mihutasari cha mwaka ule ule na orodha ya wanachama. Majina yalikuwa yale yale, tarehe zile zile, na mwandiko wa karani mmoja aliyefariki zamani. Alivua miwani.

"Mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho," alisema. "Uwanja ni wa wakulima wa Bugalasa. Mauzo haya ni batili. Waya uondolewe leo."

Hawakumngoja Masele auondoe. Wanaume waling'oa nguzo kwa mikono, na akinamama wakapita na ndoo zao, wakipiga vigelegele mpaka majini.

Watu walipotawanyika, Ndalahwa alibaki amesimama, uso umemshuka. Alimsogelea Teodora aliyekuwa akifunga kitabu chake.

"Ng'wana Kija," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la baba yake, "naomba nilione dole la baba."

Teodora alimtazama mtu yule aliyetaka dole lile liwe majivu.

"Utaliona," alimjibu. "Ni haki yako kama ya mtu mwingine yeyote hapa. Ila kanawe mikono kwanza."

Ndalahwa akaenda ziwani kunawa, akipita katika njia ile ile aliyokuwa ameiuza. Ama kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.