Sisimizi Ndani ya Sandarusi

Sikilizeni vizuri, maana mwisho kazi nitawaachia nyinyi.

Walikuwako watu watatu. Siwema Likwata alikuwa mchimbaji wa sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini ukawa kama kioo cha njano. Akishika udongo tu, alijua kama chini kuna kitu. Chande alikuwa fundi wa kusugua mawe, mwenye mkono usiotikisika. Nasra Shebe alisomea wadudu. Sisimizi aliyemwona mara moja hakumsahau.

Siku moja Siwema alikuwa shimoni, ukuta ukamporomokea. Majirani walimfukua akiwa hai, amekumbatia bonge la sandarusi. Mguu wake ulikuwa umesagika, ukakatwa.

Alimpelekea Chande lile bonge. "Nisafishie, kaka. Nataka kujua nimeacha mguu kwa ajili ya nini."

Watu walimshauri Chande aliyeyushe, apate vanishi ya milango. Lakini yeye alikuwa ameona kivuli ndani, kidogo kuliko punje ya mchele. Akasugua siku arobaini, ameinama, akipumua polepole. Angekosea kidogo tu, kile kivuli kingekuwa vumbi. Alipomaliza, sisimizi alionekana mzima, hata vinyweleo vya miguu. Lakini macho ya Chande yaliharibika kwa kazi hiyo, na hayakupona tena.

Nasra akamchukua yule sisimizi. Kwa miaka sita alimlinganisha na kila sisimizi anayejulikana. Mama yake aliugua kijijini, akafa, akazikwa. Nasra alikuwa bado ameinamia hadubini. Hatimaye alirudi kwa Siwema na Chande, akasema, "Hakuna tena wa namna hii duniani. Msitu wao uliisha, nao wakaisha. Huyu ndiye pekee tunayemjua."

Wakamwinamia yule sisimizi kama watu walioletewa habari ya msiba.

Jumba la makumbusho likataka kumweka, na kibao chini yake: "Aligunduliwa na…" Wakaletewa fomu ya kujaza jina hilo, na nafasi ni ya jina moja tu.

"Nilimtoa ardhini," alisema Siwema.

"Dada, ulitoa bonge," alijibu Chande. "Sisimizi nilimtoa mimi."

"Nanyi mngemwita sisimizi tu," alisema Nasra taratibu. "Asingejulikana kuwa ni wa pekee."

Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha. Fomu ya makumbusho iko mezani mpaka leo, haijaandikwa kitu.

Je, wewe ungeandika jina la nani?