Kompyuta Iliyochambuliwa Kama Mchele

Hapo zamani za kale, ila si kale sana maana kompyuta zilikuwa zimeshaanza kutembea duniani, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na shule yao. Walikuwa na nyumba na majiko kama sisi, wanangu, na kengele ya shule iliyolia ngo ngo ngo kila asubuhi.

Siku moja Mkaguzi Twiga akawaletea kompyuta. Aliitua mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Nawaachia mwezi mmoja," alisema. "Nikirudi nataka mwanafunzi mmoja tu aniandikie barua humu, bila kusaidiwa. Akipatikana, kompyuta ni yenu. Asipopatikana, naipeleka shule ya ng'ambo ya mto. Wenzenu kule nao wanaililia."

Mwalimu Kobe akaiwasha. Ti. Kioo kikang'aa, darasa zima likawa kimya. Hata Ngiri, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza.

Mbele kabisa alisimama digidigi mmoja jike, jina lake Sikudhani. Alikuwa mdogo kuliko wote, na wadogo huwekwa mbele ili waone.

"Bonyeza hapo, mwanangu," Mwalimu Kobe alimwambia.

Sikudhani akanyoosha ukwato wake mwembamba. Ta. Herufi S ikatokea kwenye kioo, nyeusi, peke yake katika ule weupe, kama sisimizi mmoja juu ya ugali. Sikudhani alikuwa amegusa kitufe kidogo tu, nacho kimemjibu.

Siku hiyo alirudi nyumbani bila kuhisi ardhi chini ya miguu.

Kesho yake mambo yakabadilika. Nyati, kiranja wa darasa, alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti. Ngiri na madume wengine walimzunguka kama ukuta.

"Mashine ni kazi ya madume," Nyati alisema. "Majike mtasimama nyuma mtazame. Mtu akikohoa vibaya hapa, inaungua."

"Nani kasema?" Sikudhani aliuliza.

"Nimesema mimi. Kwenu redio ikiharibika, nani anaitengeneza? Baba au mama?"

"Kwetu redio ikiharibika, baba anaipiga makofi."

Darasa likacheka, lakini kiti hakikuachwa. Mwalimu Kobe naye alikuwa mzee. Kila alipogeuza shingo kutoka ubaoni, alikuta kiti kimeshakaliwa.

"Waache tu, shoga," Swala, rafiki yake Sikudhani, alimnong'oneza. "Mimi hata ningepewa ningeogopa. Nikiiharibu nitasema nini kwetu?"

"Na Nyati akiiharibu?"

"Nyati akiiharibu, watasema imeharibika."

Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Nyati alishusha kwato zake pana, kra, vitufe vinne vikazama kwa mpigo mmoja. Kwenye kioo kukajaa herufi zisizosomeka.

"Hiyo inasemaje?" Swala aliuliza kutoka nyuma.

"Ni lugha ya kompyuta," Nyati alijibu. "Nyinyi hamwezi kuielewa."

Sikudhani alihesabu siku. Zilibaki wiki tatu, kisha kompyuta ingevuka mto, naye asingeigusa tena maisha yake yote.

Jioni hiyo alikaa uani na mama yake, ungo wa mchele katikati yao, wakiokota vijiwe na chuya. Kaka yake akaja kuuliza chakula kitaiva lini.

"Kaa utusaidie kuchambua, kitaiva mapema," mama alimwambia.

Kaka mtu aliruka kama aliyekanyaga mwiba. "Mimi? Nichambue mchele? Na wenzangu wakipita hapo njiani?" Mara hiyo alikuwa ameshatoweka.

"Mama, anakimbia nini? Si kuokota vijiwe tu?"

"Ni macho na ncha za kwato tu, mwanangu. Lakini kazi hii inaitwa ya wanawake, na jina hilo ndilo linalomkimbiza." Mama akausogeza ungo, upande wenye mwanga ukawa kwa binti yake, yeye akabaki na upande wa kivuli.

Sikudhani aliona mama alivyofanya. Akaona na jambo jingine, akatabasamu peke yake.

Asubuhi alifika shuleni na kitambaa begani.

"Kaka Nyati, samahani. Hii kompyuta imeingia vumbi. Inataka kuchambuliwa."

"Kuchambuliwa vipi?"

"Kama mchele. Kitufe kimoja kimoja. Unakifuta, unakibonyeza, unatazama kwenye kioo kama kimeitika, unahamia cha pili. Kila siku, kengele ya kwenda nyumbani ikishalia. Ni kazi ndefu, inauma mgongo. Nikasema niwaambie nyinyi, maana ndio wenye mashine."

"Sisi?" Ngiri aliuliza. "Tukae hapa tuchambue?"

Nyati akapumua, fuuu. "Binti, umeziona pembe hizi? Hizi ni za kuchambulia?"

"Basi nani atafanya?"

"Nyinyi majike. Wote, tena kuanzia leo. Asiyebaki kuchambua, nitamwandika jina."

"Wote, Kaka Nyati?" Sikudhani aliuliza kwa sauti ya huzuni.

"Nimeshasema, wote."

Sikudhani akainamisha kichwa, akatoka pole pole. Alipokata kona ya darasa, akaruka pu, pu, pu, mara tatu hewani.

Kengele ya jioni ilipolia, alimwendea Mwalimu Kobe, akamwomba asiizime kompyuta. Mzee akakitazama kitambaa, akamtazama Sikudhani, akawatazama majike waliopanga foleni mlangoni.

"Ni kweli," alisema. "Mtu hawezi kuchambua bila mwanga."

Akatoka, akakaa kizingitini, akaingiza shingo ndani ya gamba kama asiyejua kitu. Kila jioni alikaa hapo hapo, asipite mtu wa kuwasumbua.

"Anza wewe," Sikudhani alimwambia Swala.

"Mimi? Na ikilia?"

"Ikilia tutalia nayo. Futa hiki, halafu bonyeza."

Swala akafumba macho, akabonyeza. Ta. Alipoyafumbua, S ilikuwa imesimama kwenye kioo. Akafuta cha pili, akabonyeza. Ta. Ta. Ta. Ta. Mwishowe jina lake lote lilikuwa pale.

Siku zote jina hilo lilikuwa la kuitwa tu, akichelewa kuteka maji au akisahau ufagio. Sasa lilikuwa limekaa ndani ya mwanga, limetulia, linamtazama. Pundamilia alijifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Na langu?" aliuliza.

"Na lako," Sikudhani alisema, akampisha kwenye kiti.

Tangu hapo, kila jioni darasa lilisikika ta ta ta ta, kama mvua juu ya bati. Madume walikuwa uwanjani wakicheza mpira.

"Wasikie wanavyochambua," Ngiri alisema.

"Poleni na kazi," Nyati aliwapigia kelele.

"Tumeshapoa," majike waliitikia, na mvua ikaendelea.

Mwezi ukaisha. Mkaguzi Twiga akaja, akaingiza kichwa dirishani. Nyati akakaa kwenye kiti, akashusha kwato zake pana, kra. Akarudia, kra.

"Inasemaje barua yako?" Twiga aliuliza.

"Hii ni lugha ya kompyuta, mzee."

"Kijana, mimi nimezeeka na kompyuta. Hiyo haisemi kitu." Twiga akatazama darasa. Madume wakatazama miguu yao. Akashusha pumzi, akaanza kukusanya nyaya.

Sikudhani akasogea mbele. "Mheshimiwa Mkaguzi," alisema, "naomba nichambue kidogo."

"Huu si wakati wa usafi," Nyati alisema.

"Mwache," Twiga alisema.

Nyati akaondoka kwenye kiti, Sikudhani akapanda. Ilibidi Swala amwekee madaftari matano chini ndipo aifikie meza. Kisha ta ta ta, bila haraka, herufi zikafuatana:

"Kwako Mkaguzi. Shikamoo. Mimi ni Sikudhani. Barua hii nimeiandika mimi, lakini hata Swala angeweza, na Pundamilia angeweza, na wote waliosimama nyuma wangeweza. Tunaomba utuachie kompyuta. Tutakuandikia kila mwezi. Ahsante."

Twiga aliisoma mara moja, akairudia.

"Nina miaka mingi katika kazi hii," alisema taratibu, na nyaya alizokuwa ameshika akazirudisha mahali pake, mmoja mmoja. "Kompyuta inabaki."

Nyati akasogea karibu. "Kumbe mlikuwa mnajifunza. Mlituambia mnasafisha."

"Tulikuwa tunasafisha, Kaka Nyati. Amri ulitoa wewe."

Darasa likaangua kicheko, Ngiri akishinda wote. Nyati akainamisha pembe zake kubwa. Sauti yake ikawa ndogo, mpaka ni Sikudhani peke yake aliyeisikia.

"Mimi sikujua kitu tangu siku ya kwanza. Niliona haya kuuliza. Wote walikuwa wananitazama."

Sikudhani naye angeweza kucheka. Hakucheka. Alishuka kwenye kiti, akaokota kijiti cha mwanzi, akampa.

"Kwato zako ni pana, ndiyo sababu. Shika hiki kwa meno. Anza na hiki hapa, polepole."

Nyati akakaa, akashika kijiti, akakisogeza mbele. Ta. Herufi N ikatokea, moja tu, safi.

Nyati alibaki ameikodolea macho, kijiti kikamdondoka.

"Ni mimi nimeiandika?"

"Ni wewe," Sikudhani alimwambia, akamwokotea kijiti.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, wanangu, na neno lake ni hili: elimu haiulizi nani dume nani jike, humwitikia yeyote aliyepewa nafasi ya kuigusa.