Pembe Iliyopigwa Mbio

Wapendwa, hebu tegeni masikio, na huyo wa nyuma azime simu. Palikuwa na mlinzi wa mto. Kazi yake kukaa kilimani na pembe ya tandala, aangalie maji. Chini bondeni watu wanalima mpunga, na mkewe ni mmoja wao.

Sasa, pembe ile ina sauti moja tu. Hata uipulize kwa nguvu zako zote, haiongezeki. Ndiyo maana mkwewe, siku ya kumkabidhi, alimwambia, "Mwanangu, hapa uzito ni urefu. Piga mbili fupi, ya tatu uivute mpaka kifua kiwake moto. Wakisikia hiyo ndefu, watakimbia. Fupi fupi za mfululizo ni za harusi."

"Nimeelewa, baba."

Kuelewa ni rahisi, sivyo? Asubuhi moja akaona mto unashuka kutoka milimani, mweusi, umebeba magogo na paa la nyumba. Akili ikamruka. Mke wangu! Akaikamata pembe, pumzi imemkatika kwa hofu, akapuliza harakaharaka, pu-pu-pu-pu, bila kupumzika. Alipuliza hata midomo ikatoka damu. Nani atasema hakuonya?

Kule bondeni mkewe akainua kichwa. "Shoga, mbona pembe? Kuna harusi leo?"

"Labda kwa mwalimu wanaoza," mwenzake akacheka. "Na hawakutuambia!"

Mlinzi akawaona kutoka juu wakitupa majembe. Akadhani wanakimbia. Hapana, jamani. Walikuwa wanacheza. Mkewe akapiga vigelegele, na maji yakamfikia hapohapo.

Msimlilie huyo. Jililieni wenyewe. Sisi majumbani tunapiga pembe kutwa: "Vaa viatu! Zima taa! Mche Mungu! Maliza chai!" Yote fupi, yote mbio. Mtoto atajuaje lipi la uhai? Hata sala ya chakula tunaisema mkono uko kwenye sahani. Halafu maji yakija tunapiga yowe, "Lakini nilimwambia!" Ulimwambia, ndiyo. Lini ulikaa naye juu ya neno hilo moja mpaka pumzi ikaisha?

Leo ukifika nyumbani muulize mwanao, "Neno gani langu limekukaa moyoni?" Naogopa atakachokujibu. Mimi wangu nilimuuliza jana. Akafikiri kidogo, akasema, "Fanya haraka, tumechelewa kanisani."