Profesa Kiboko Aliyeomba Mashine Zote

Hamjambo mlioketi mbele?
— Hatujambo!
Na mliojibanza nyuma?
— Tunasikia!
Nikisema uongo?
— Tutacheka!
Nikisema kweli?
— Tutanyamaza!

Haya. Palikuwa na chuo cha wanyama, na katika chuo hicho palikuwa na chumba chenye baridi kuliko vyote. Humo, kabatini, zilipangwa kompyuta thelathini na mbili. Si thelathini, si arobaini. Nguchiro alizihesabu mara tatu. Zote zikifanya kazi, chumba kilinguruma vuuuuu, vioo vikatetemeka. Ikifanya kazi moja, ilisikika vu tu, kama mzee anayepuliza chai.

Nguchiro alikuwa mwalimu msaidizi, mdogo wa umbo, mwenye mkataba wa mwaka mmoja. Alifundisha somo jipya: jinsi ya kuigawa kazi kubwa ili mashine nyingi ziifanye kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza hakuwasha hata kompyuta. Alileta mchele wenye mawe, akampa mwanafunzi mmoja, Kindi, auchambue peke yake. To, to, to, dakika hamsini. Kesho yake akaleta kiasi kilekile, akawapa wanne. Dakika kumi na tano.

"Madam," Kindi akasema, "hamsini kwa nne si kumi na tano. Ni kumi na mbili na nusu."

"Ndiyo. Hizo mbili na nusu zilizozidi mmezitumia kugombania ungo. Andika hilo."

Wanafunzi arobaini wakaandika. Hivyo ndivyo alivyofundisha, na walimwelewa.

Lakini baraza la chuo lilikuwa limetoa amri: Ijumaa, kila mwanafunzi aonyeshe programu yake iliyofanya kazi kwenye zile mashine. Wasipoonyesha, somo linafutwa, na mwalimu wake anafungasha.

Na mashine zilikuwa za nani? Zilikuwa za wote. Na nani alizishika? Profesa Kiboko.

Kila Jumatatu Profesa Kiboko aliomba mashine thelathini na moja, akakaa nazo wiki nzima, na Jumatatu akaziomba tena. Wanafunzi arobaini aliwaachia moja. Programu yake ilipima kina cha bwawa lake mwenyewe, na haikujua kugawana kazi. Ilitumia mashine moja tu. Moja ilitoka jasho, thelathini zikapiga miayo. Nguchiro alipopita mlangoni alisikia: vu, ya Profesa. Vu, ya wanafunzi. Basi.

Akamwendea.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba."

"Programu yako inatumia mashine moja. Thelathini zimekaa bure."

"Binti, nimeanza kufundisha kompyuta kabla mama yako hajachimba shimo la kukuzalia. Nikishika thelathini na moja nina sababu."

"Sababu gani, Profesa?"

"Kwamba mimi ni Profesa." Akacheka, mdomo wazi kama mlango wa gereji.

Nguchiro akarudi bila kula. Ilipofika Jumatatu ya mwisho, asubuhi, kabla Profesa hajaomba tena, akaenda kwa Kobe, mtunza foleni, mwenye daftari moja na kengele moja.

"Fundi Kobe, anayeomba mashine moja?"

"Ikiwa wazi moja, anaingia."

"Anayeomba kumi?"

"Zikiwa wazi kumi, anaingia."

"Anayeomba zote?"

Kobe akaivuta shingo ndani, akafikiri, akaitoa. "Zikiwa wazi zote, kwa mara moja, anaingia. Hata moja ikiwa na mtu, anasubiri."

"Na wadogo wakimpita?"

"Wapite. Sipendi mashine ikae bure."

"Na akibadili ombi lake?"

"Anaanza upya mwisho wa foleni. Awe nani."

Nguchiro akamwambia Kindi aingize programu yake ndefu, ya saa nzima, kwenye ile mashine moja. Kisha akakimbia bwawani.

"Shikamoo, Profesa. Samahani, kuna maneno nimeyasikia, sijui niseme."

"Sema."

"Wanasema mashine zimekushinda kwa moja. Wanasema thelathini na moja unaziweza, ya thelathini na mbili umeiogopa, ndiyo maana umewaachia watoto."

Pwaa! Kiboko akatoka majini. "Nani kasema?"

"Mimi sisemi ni nani."

Kiboko akaenda mbio mpaka kwa mtunza foleni. "Kobe! Andika! Kiboko, thelathini na mbili!"

Kobe akaandika, la kwanza kabisa juu ya ukurasa. Akagonga kengele, ngee! Akachungulia chumbani.

"Zote ziko wazi?" Kiboko akauliza.

"Moja ina mtu, Profesa. Subiri."

Thelathini na moja zilikuwa tupu, na nyuma ya Kiboko walipanga foleni wanafunzi wengine, Panya, Chura, Kanga na wenzao, kila mmoja na kikazi chake. Ngee! Akaingia Panya. Ngee! Akaingia Chura. Vu, vu, vuu, vuuu.

"Sikilizeni," Nguchiro akawaambia nje ya mlango, "somo la wiki hii ni moja. Asitoke mmoja kabla mwingine hajaingia."

Jumanne Kiboko akaja. "Zote ziko wazi?"

"Tisa zina watu, Profesa. Subiri."

Jumatano akaja. "Zote ziko wazi?"

"Zote zina watu, Profesa. Subiri."

"Basi punguza! Andika thelathini!"

"Napunguza. Utakuwa wa tisa."

Kiboko akaitazama foleni. Akalitazama jina lake pale juu. "Acha," akasema. "Nasubiri."

Alhamisi adhuhuri Nguchiro alikuwa anasahihisha kazi, mara kalamu ikasimama. Masikio yake yalisikia vuu, kisha vu. Wanafunzi wameenda kula! Imebaki moja, ya Kanga, na Kiboko amesimama mlangoni anahesabu dakika. Nguchiro akakimbia mpaka bwaloni, roho juu.

"Kindi! Ingiza chochote! Sasa!"

Kindi akaacha ugali, mikono imejaa mchuzi, ti-ti-ti kwenye kompyuta ya maktaba. Ngee! Akaingia. Ngee! Akatoka Kanga.

"Moja ina mtu, Profesa," Kobe akasema. "Subiri."

Ijumaa wanafunzi arobaini walionyesha programu arobaini. Wote walifaulu. Somo halikufutwa. Nguchiro akaketi, akala kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ndipo akaja Mbuni, Mkuu wa Chuo, na ripoti mkononi.

"Ajabu!" akasema. "Mwaka mzima mashine hizi zimelala. Wiki hii zimefanya kazi kuliko wiki zote. Nani ameziamsha?"

Akafungua daftari la Kobe. La kwanza kabisa juu ya ukurasa: Kiboko, thelathini na mbili. Chini yake majina madogo madogo, moja, moja, moja. Nguchiro alilitafuta lake. Halikuwamo. Yeye hakuomba hata moja.

"Hongera, Profesa," Mbuni akasema. "Somo kubwa namna hii linahitaji mwalimu wa hadhi yako. Binti, mkabidhi Profesa maandishi yako."

"Na ungo pia?" Nguchiro akauliza.

"Ungo wa nini?" Kiboko akasema.

Mkataba wa Nguchiro haukuongezwa. Siku ya kufungasha alipita mlangoni pa kile chumba, akasimama. Mlikuwa na mashine thelathini na mbili. Vu.

Na Kindi? Kindi ni msaidizi wa Profesa sasa. Ameomba kumi, anatumia moja.

Funzo la hadithi, wanangu: ombeni vyote. Msijue kuvitumia, lakini ombeni vyote, na jina likae juu. Kuwafundisha wengine namna ya kuingia ni tabia mbaya, iacheni mapema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua, anayeweza aibebe.

Haya, chekeni.

Mbona mmenyamaza?